ADABU SI WOGA: Namna ya kusema tunapotofautiana kazini

(Haya ni mazungumzo ya karani mmoja mstaafu wa shamba, aliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima huko Makumira, Wilaya ya Arumeru.)

  

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ugomvi wa kazini. Nimefurahi, maana jambo hili linatuhusu sote. Sisi wa Makumira tunaishi katikati ya kazi za kila aina. Kutoka Tengeru mpaka Usa River kuna mashamba ya kahawa, ya maua na ya mbegu. Kuna hoteli za watalii. Kuna chuo hapa hapa kijijini. Vijana wetu wengine hubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru.

Katika kazi hizo, mkubwa wako aweza kuwa Mmeru mwenzako. Aweza pia kuwa Mchaga, Mhindi, Mkenya au Mholanzi. Kila mmoja amelelewa kwao, na kila mmoja ana adabu ya kwao. Basi, kutofautiana hakukosi. Hata vikombe kabatini hugongana.

Neno langu leo ni moja tu: adabu si woga. Mtu mwenye adabu husema jambo lake lote. Ila husema jambo, hamsemi mtu.

KISA CHA MAMA MKATA MAUA

Nianze na kisa nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa mahudhurio katika shamba moja la maua. Shamba lenyewe silitaji. Kulikuwa na mama mmoja, mkataji wa mawaridi. Alikuwa mchapa kazi, hana maneno na mtu.

Asubuhi moja meneja alikuja mbio. Alikuwa mgeni kutoka Ulaya, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Gari la kupeleka maua uwanja wa ndege lilikuwa linangoja. Akamwambia: "Mama, banda la nne, sasa hivi. Sawa?"

Mama alijua kwamba banda lile limepulizwa dawa alfajiri ile. Wiki moja kabla, dawa ilimwasha macho mpaka akashindwa kulala. Lakini aliona si heshima kumkatalia mkubwa wa kazi. Akainamisha macho, akasema: "Sawa." Kisha akaenda kukaa nje chini ya mti, akingoja dawa ipungue.

Baada ya saa nzima meneja akarudi. Akaona ndoo hazina maua. Akauliza: "Hujakata?" Mama akajibu: "Ndiyo." Meneja akauliza tena: "Haya, maua yako wapi?" Mama akanyamaza, anatazama chini.

Jamani, yule bwana alipiga kelele! Alimkaripia mama wa watu mbele ya watu wapatao arobaini, wengine sawa na watoto wake. Mama hakujibu neno. Aliweka mkasi wake chini, akaenda zake nyumbani. Jioni ile meneja akaniambia nifute jina lake kwenye daftari.

Nami nilikuwepo pale. Nilikuwa najua Kiswahili na Kiingereza. Ningeweza kusema maneno mawili tu na kisa kingeisha. Sikusema. Niliogopa kalamu yangu isije ikanyang'anywa. Ule ulikuwa woga, ndugu zangu, wala haukuwa adabu. Mpaka leo najilaumu.

WALIKOSANA WAPI?

Hebu tukitazame kisa hiki polepole. Mama alikuwa mwongo? Hapana. Meneja alikuwa mtu mbaya? Nilidhani hivyo siku ile, lakini baadaye niliona sivyo. Kumbe walikosana katika maneno madogo sana.

Neno la kwanza ni "sawa". Sisi tukisema "sawa", mara nyingi maana yake ni "nimekusikia". Twaweza kusema "sawa" ili mazungumzo yaishe kwa amani. Meneja alisikia "nimekubali, nitafanya". Kwake ilikuwa ahadi. Alipokuta ahadi haikutimizwa, aliona amedharauliwa.

Neno la pili ni "ndiyo". Meneja aliuliza, "Hujakata?" Kwa Kiswahili, mama alijibu sawasawa: ndiyo, ni kweli, sijakata. Lakini katika lugha nyingi za Ulaya, mtu akijibu "ndiyo" kwa swali kama hilo, maana yake ni kwamba amekata. Basi meneja aliona mama anamdanganya mchana kweupe. Hapa dawa yake ni rahisi. Usijibu "ndiyo" peke yake. Jibu kwa maneno kamili: "Bado sijakata."

Jambo la tatu ni macho. Sisi tumefundishwa na wazazi kwamba mkubwa hatazamwi usoni anapokuonya. Kwa Wazungu wengi, mtu asiyekutazama usoni ana jambo analificha. Mama alikuwa anampa heshima. Yeye akaona hatia.

Jambo la nne ni kukaripiwa mbele ya watu. Kwetu mtu mzima huitwa pembeni. Ukimwaibisha mbele ya vijana, umemvua nguo. Hilo meneja hakulijua, au alilisahau kwa sababu ya haraka ya gari. Hasira hasara, walisema wazee.

MAMBO MENGINE YANAYOTUPOTEZA

Nitataja mengine matatu kwa ufupi.

La kwanza ni saa. Siku moja mgeni aliandika kwenye ubao wa matangazo: "Mkutano saa 2:00." Watu wakafika asubuhi baada ya chai. Yeye alikuwa na maana ya saa nane mchana, maana saa ya Kizungu huanza kuhesabiwa usiku wa manane na mchana katikati. Sisi twaanza kuhesabu jua linapochomoza. Nusu siku ya kazi ikapotea, na kila upande ukausema mwenzake kuwa hajali. Ukipewa saa, uliza: "Asubuhi au mchana? Saa ya Kiswahili au ya Kizungu?" Kuuliza si ujinga.

La pili ni neno "pole". Sisi twampa pole mtu ye yote aliyepatwa na jambo, hata kama hatukumkosea. Mwenzako akijikwaa unasema pole. Lakini Kiingereza hutumia neno "sori" kwa kupeana pole na kwa kukiri kosa pia. Mashine imeharibika, wewe unamwambia mkubwa "sori" kwa huruma tu. Yeye aweza kuelewa kwamba ni wewe uliyeiharibu. Basi eleza: "Pole kwa mashine kuharibika. Niliikuta hivi nilipoingia zamu."

La tatu linatuhusu sisi na jirani zetu wa Kenya. Lugha ni moja, lakini adabu zake si moja. Huku kwetu twasema: "Naomba maji." Wenzetu wengi ng'ambo ya Namanga husema: "Nipe maji," na hakuna anayekasirika. Sasa msimamizi kutoka huko akisema "Leta hiyo ndoo," sisi twanuna. Twasema ana kiburi. Pengine hana kiburi. Anasema kama mama yake alivyomfundisha. Naye akitusikia tunasalimiana dakika tano kabla ya kusema shida, anaona tunapoteza wakati.

Je, maana yake ni kwamba tuvumilie kila neno? La, hasha. Tusi ni tusi katika lugha yo yote. Kumpiga mtu, kumnyima mshahara, kumwita mnyama, hayo si mila za mtu. Hayo ni uonevu. Ninachosema ni hiki: kabla hujakasirika, uliza kwanza. "Bwana, ulikuwa na maana gani uliposema vile?" Swali moja laweza kuokoa kazi ya mtu.

BARUA YA MAMA

Sasa turudi kwa mama yetu. Alikaa nyumbani siku tatu. Majirani wengine walimwambia, "Nenda kamtukane." Wengine walimwambia, "Nyamaza, umwachie Mungu." Yeye hakufuata upande wo wote. Hakuwa anajua kusoma wala kuandika wakati ule. Alimwita mwanawe wa darasa la sita, wakaandika barua usiku kwa taa ya chemli. Mama akasema, mtoto akaandika. Mwisho mama akaweka alama ya dole gumba.

Mimi ndiye niliyemfasiria meneja barua ile, kwa hiyo naikumbuka vizuri. Ilikuwa hivi:

"Bwana Meneja,

Yah: Kuomba mazungumzo juu ya kazi ya banda la nne

Natumaini hujambo. Mimi ni mkataji wa maua. Nimefanya kazi hapa miaka minne.

Siku ya Jumanne saa 1 asubuhi uliniambia niingie banda la nne. Banda hilo lilipulizwa dawa saa 11 alfajiri. Nilisema sawa, lakini sikuingia, kwa sababu wiki iliyopita dawa iliniumiza macho. Sikukueleza sababu hiyo. Kwa hilo naomba radhi.

Nami niliumia kukaripiwa mbele ya wenzangu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nirudi kazini. Pili, tuambiwe saa ya kupuliza dawa kabla hatujaingia bandani.

Niko tayari kuja kuzungumza siku yo yote utakayopanga, pamoja na mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi.

Ahsante. Wako katika kazi."

Ndugu zangu, tazameni barua hii. Ina salamu fupi. Inataja siku, saa na mahali. Inakiri kosa la mama mwenyewe, wala haikiri kosa lisilo lake. Inasema maumivu yake kwa mstari mmoja, bila tusi. Kisha inaomba mambo mawili yanayowezekana. Haikusema "wewe meneja ni katili." Ingesema hivyo, meneja angejitetea, na habari ya dawa ingesahauliwa.

Niliifasiri neno kwa neno, sikupunguza wala kuongeza. Meneja alinyamaza kidogo. Kisha akasema hakujua kabisa kwamba banda limepulizwa dawa. Mpuliza dawa alibadilisha zamu bila kumwarifu. Akasema kwao mfanyakazi asiyetaka jambo husema "hapana" papo hapo, na hakuna anayeliona ni tusi. Akaniuliza: "Na wewe karani, ulijua?" Nikasema nilijua. Niliona aibu sana.

Mama alirudi kazini siku ya tisa. Meneja alimwomba radhi mbele ya wale wale aliomwaibishia. Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri, maana mshahara wa siku zile hakulipwa. Lakini kwenye mlango wa kila banda kiliwekwa kibao. Kiliandikwa saa ya kupuliza dawa na saa ya kuruhusiwa kuingia. Kibao kile kilitokana na barua ya mtoto wa darasa la sita. Mama naye mwaka uliofuata alijiunga na kisomo. Alisema hataki tena kuazima mkono wa mtu.

WAZEE WETU WALITANGULIA

Msidhani kwamba jambo hili la kupeleka shida kwa wageni kwa maneno yaliyopangwa ni geni hapa Meru. Wazee wetu walilifanya katika ugomvi mkubwa kuliko huu wa kazini.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza Wameru karibu 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru walikutana, wakachanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao. Mwaka 1952 alikwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Fikirini hilo. Mtu wa Meru amesimama mbele ya wajumbe wa mataifa, wengi wao hawajapata kusikia jina la mlima wetu. Kulia tu kusingetosha. Ilibidi jambo lielezwe: mashamba gani, na yalikuwa na namba zake, 31 na 328, mwezi gani, watu wangapi, nani alitoa amri.

Je, walirudishiwa ardhi mwaka ule? Hapana. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mtawala aweza kuulizwa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye alikwenda New York kusema kwa niaba ya TANU. Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi ile, kikatoka mwaka 1967.

Funzo ni hili: adabu haikuwafanya wawe wanyonge. Walisema jambo zito, tena mbali na nyumbani, kwa maneno yaliyopangwa.

NJIA YA KUFUATA

Sasa nieleze hatua, ili kila mmoja aondoke na kitu mkononi.

Hatua ya kwanza: lala nalo usiku mmoja, kama si jambo la hatari. Kama ni hatari, kama ile dawa, sema pale pale: "Bwana, samahani, siwezi kuingia sasa. Dawa imepulizwa alfajiri. Nipe kazi nyingine mpaka muda uishe." Umekataa jambo, hukumkataa mtu. Tena umeonyesha njia.

Hatua ya pili: mwone nyapara au msimamizi wako faraghani. Salimia, kisha ingia katika jambo mapema. Kama anatoka nchi nyingine, usizunguke sana. Aweza kuondoka kabla hujafika kwenye shida yenyewe.

Hatua ya tatu: andika. Weka tarehe. Tunza nakala. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni mali pia. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mwarifu mwakilishi wenu. Kama unahitaji mkalimani, chagua atakayesema maneno yako yote, asiyelainisha wala kukoleza.

Hatua ya nne: ukiitwa kujibu mashtaka kazini, jua haki yako. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinasema uelezwe tuhuma kwa lugha unayoielewa. Upewe muda wa kujitayarisha, kwa kawaida usiopungua saa 48. Waweza kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Sema kwa upole: "Naomba nisomewe kwanza."

Hatua ya tano: mkishindwa kupatana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Arusha ina ofisi yake. Iliwekwa na sheria za kazi za mwaka 2004. Kwanza huwaketisha pande zote mbili mezani, msuluhishi akiwa katikati, mtafute kupatana. Mkishindwa, ndipo shauri huamuliwa. Lakini shikeni hili sana: ukiachishwa kazi, una siku 30 tu za kupeleka shauri lako. Mashauri mengine ya kazi ni siku 60. Mtu anayekaa nyumbani amenuna miezi mitatu, anajikuta amechelewa. Kimya chake alikiita adabu, kumbe kimemla.

Na ninyi mlio wanyapara na wasimamizi, msijisahau. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa na kiburi na dharau, na wafanyakazi wengi waliushika katika viwanda wakawauliza wakubwa wao. Siku hizo zimepita, lakini neno lile halijazeeka. Mtu mzima muonye pembeni. Ukitoa amri, usiulize "Sawa?" Mwambie: "Hebu nieleze utafanyaje." Hapo utajua kama amekubali au amekusikia tu.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Mmejifunza kusoma na kuandika. Watu husema kisomo ni cha kusoma Biblia, Kurani na bei za kahawa. Ni kweli. Lakini kalamu pia ni ya kusema "hapana" bila kugombana. Mimi nilikuwa nayo siku ile mfukoni, nikaiogopea. Ninyi msiiogopee.



MASWALI YA KUJADILI

1. Mama aliposema "sawa", alikuwa na maana gani? Meneja alielewa nini?

2. Karani alikosa nini? Ungekuwa wewe, ungesema nini pale pale?

3. Soma tena barua ya mama. Ni mstari gani ulio muhimu kuliko yote? Kwa nini?

4. Mtu ameachishwa kazi tarehe 1 Machi. Siku yake ya 30 ya kupeleka shauri itafika lini, ukianza kuhesabu tarehe 2?

5. Andika barua fupi kwa msimamizi wako juu ya jambo moja linalokusumbua kazini. Taja siku, saa, mahali, na jambo moja unaloomba. Kisha mpe mwenzako aisome, akuonyeshe kama kuna tusi ndani yake.